Lebo Zikienda Upande, Chukua Rula

Ndugu Wanachama,

Wazee walisema kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Maneno hayo ni ya kweli, lakini katika maduka ya leo hata kizuri hakijiuzi kama hakina lebo iliyo sawa. Mnunuzi hakuoni wewe wala halioni shamba lako. Akionacho ni kile kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya kipakiti. Jina likiwa limekatika, uzito umeangukia pembeni, na bakodi haisomeki, basi pilipili manga iliyochumwa na kuanikwa kwa uangalifu hurudishwa kama kwamba ina uvundo.

Siku hizi vikundi vyetu vingi vyafunga viungo katika vipakiti, na lebo twazichora wenyewe kwa kompyuta na kuzipiga chapa wenyewe. Mara nyingi nimeulizwa kwa nini lebo iliyo nzuri katika kioo cha kompyuta hutoka mbovu katika karatasi. Leo napenda kuwaeleza niliyojifunza, na mengi katika hayo nimejifunza kwa hasara.

SIKU YA HASARA

Kikundi kimoja cha akina mama kilikuwa na mzigo wa mdalasini, manjano na pilipili manga wa kupelekwa Unguja kwa meli ya asubuhi. Mimi, karani wenu, ndiye niliyepewa kazi ya lebo. Tulikuwa na karatasi za gundi za ukubwa wa A4, kila moja ina lebo 21, yaani safu 3 kwa mapana na mistari 7 kwa urefu. Mstari wa juu ulitoka vizuri hata tukafurahi. Kufika wa nne, maandishi yameanza kupanda; na katika mstari wa saba jina la mdalasini lilikuwa limeiacha lebo yake na kuingia katika lebo ya juu yake.

Nikasema mashine imeharibika. Nikasogeza maandishi yote chini. Mstari wa saba ukakaa sawa, wa kwanza ukaharibika. Nikasogeza tena juu, mambo yakawa yale yale. Karatasi 14 zikaenda hivyo, ndizo lebo 294, na meli ikaondoka bila ya mzigo wetu.

Mmoja katika wale akina mama, mtu mzima na fundi wa mikeka, alizichukua zile karatasi mbovu akazitandika sakafuni, akazitazama kimya. Kisha akaniambia, "Mwanangu, hili halikuhama. Hili limepungua. Ukisuka ukili ukapungua chane moja, mshono wa kwanza huoni kitu. Ufike wa saba, mkeka umeshakuwa mdogo."

Nikachukua rula. Kila lebo ilikuwa na urefu wa milimita 38.1. Nilizopiga chapa mimi zilikuwa na milimita 37. Kompyuta ilikuwa imeupunguza ukurasa mzima kwa kiasi cha asilimia 3, ili uenee vizuri ndani ya karatasi, na mimi sikuitazama amri hiyo. Mashine niliyoilaumu asubuhi nzima haikuwa na kosa lo lote.

MAKOSA YAKO MATATU

Tangu siku ile sigusi kitu kabla ya kujua kosa ni la namna gani; nami nimeona kwamba namna zake ni tatu.

Kwanza, kosa linalozidi kadiri unavyoshuka. Hilo ni kosa la kipimo, ndilo lililotupata sisi. Fungua ukurasa wa amri za kupiga chapa, utafute mahali pa ukubwa, uweke 100%. Ukiona pamechaguliwa kuueneza ukurasa katika karatasi, paondoe. Angalia kwamba amri hiyo yaweza kuwako mahali pawili, yaani katika programu uliyochorea na katika amri za mashine yenyewe. Ukiirekebisha moja na kuiacha ya pili, kosa litabaki. Programu nyingine hupunguza kuanzia katikati ya ukurasa. Hapo mstari wa kati utakaa sawa, na wa juu na wa chini yote miwili itakosea.

Katika kosa hilo hilo tazama jina la karatasi. Kompyuta nyingi hutoka dukani zikiwa zimewekwa karatasi ya Kimarekani iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279. Sisi huku twatumia A4, yenye milimita 210 kwa 297. Ukurasa wa A4 ukilazimishwa kuingia katika Letter, hupungua hata kufika asilimia 94. Kwa hivyo sharti jina la karatasi liwe A4 katika programu na katika mashine pia.

Pili, kosa lililo sawa kila mahali. Kama lebo zote 21 zimekwenda milimita 2 kulia, wala hazizidi wala hazipungui, basi kipimo ni kizuri na pambizo ndiyo mbaya. Pima kwa rula, kisha urudishe milimita 2 hizo katika pambizo ya kushoto ya programu. Hili ndilo kosa la pekee linaloponywa kwa kusogeza.

Tatu, kosa lisilo na utaratibu. Karatasi hii imekwenda kulia, ya pili kushoto, ya tatu imepinda. Hapo usiiguse kompyuta hata kidogo. Tatizo liko katika karatasi na mahali inapopita. Vibana karatasi vya pembeni viguse karatasi bila ya kuikaza. Roda za kuvutia karatasi zifutwe vumbi. Na unyevu wa visiwa vyetu mnaujua: karatasi ya gundi iliyolala nje ya mfuko hujikunja, na iliyojikunja haipiti sawa. Irudisheni katika mfuko wake na kuufunga, kama mfungavyo karafuu kavu zisipate maji.

Ziko karatasi za lebo zilizofanywa kwa mashine ya wino na nyingine kwa mashine ya leza. Leza huikaza rangi kwa joto kali. Karatasi isiyo yake gundi yake yaweza kuyeyuka na kunasa ndani. Kwa sababu hiyo hiyo, karatasi iliyokwisha banduliwa lebo baadhi usiipitishe tena katika leza kwa kutaka kuokoa senti chache. Utapoteza mashine nzima.

JARIBIO LA KARATASI TUPU

Kabla ya kutia karatasi ya gundi, fanya jaribio hili. Chora katika programu mstari mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, kila mmoja milimita 100. Piga chapa katika karatasi ya kawaida, upime. Ukipata 100, endelea. Ukipata 97 au 94, ushajua pa kwenda.

Likisha hilo, piga chapa ukurasa wako wa lebo katika karatasi ya kawaida pia, uiweke juu ya karatasi ya gundi, uzishike zote mbili mbele ya dirisha. Mwanga utakuonyesha kama maandishi yameingia ndani ya lebo. Karatasi moja ya kawaida si kitu. Karatasi ya gundi ni fedha.

BAKODI ISIYOSOMEKA

Bakodi, yaani ile mistari myeusi isomwayo kwa mwanga dukani, si jambo la jana. Bidhaa ya kwanza kuuzwa kwa kusomwa hivyo ilikuwa pakiti ya chingamu, tarehe 26 Juni 1974, katika mji wa Troy, jimbo la Ohio, Marekani. Bakodi ya dukani ina tarakimu 13, na nambari zitolewazo Tanzania kwa njia ya GS1 huanza na 620. Nambari hizo hazitungwi kichwani. Tarakimu ya mwisho hupatikana kwa hesabu kutoka katika zile 12 za kwanza, na programu huifanya hesabu hiyo yenyewe. Ikikataa nambari yako, ujue umekosea kuandika.

Kipimo chake kamili ni mapana ya milimita 37.29. Yaruhusiwa kuipunguza hata asilimia 80 na kuikuza hata asilimia 200. Ndani ya kipimo hicho mna weupe wa pande mbili, kiasi cha milimita 3.6 kushoto na 2.3 kulia, nao ni sehemu ya bakodi. Ukitia maua au maneno hapo, mashine ya dukani haitajua pa kuanzia.

Usiipige bakodi kwa rangi nyekundu, hata kama ndiyo rangi ya kikundi chenu. Mashine nyingi za kusomea hutoa mwanga mwekundu, na mbele ya mwanga huo wekundu huonekana kama weupe. Nyeusi juu ya nyeupe ndiyo salama.

Tena usiivute kwa pembe ili ienee mahali. Mashine nyingi ndogo za lebo za rola hupiga nukta 203 katika inchi, ambazo ni 8 katika milimita. Mstari mwembamba wa bakodi kwa kipimo kamili ni milimita 0.33, ambayo ni zaidi ya nukta mbili na haifiki tatu. Mashine haiwezi kuipasua nukta. Basi huku itapiga mbili na huku tatu, na bakodi nzuri machoni isisomeke. Chagua nukta tatu kamili, ndiyo asilimia 114 hivi ya kipimo, na shida hiyo itaondoka.

MASHINE ZA ROLA

Mashine hizi zina matatizo yake matatu au manne. Ikirusha lebo mbili mbili, au ikipiga chapa katikati ya lebo mbili, haikuliona pengo lililo baina yake. Ipe amri ya kujipima upya kila ubadilishapo rola. Ikitoa lebo nyeupe tupu, pengine rola imewekwa kinyume. Ikwaruze kwa ukucha: karatasi isiyotumia wino, igeukayo nyeusi kwa joto, itaacha alama nyeusi upande ule wa kupigia chapa. Isipoacha alama upande wo wote, ujue karatasi hiyo yataka utepe wa wino.

Nasi wakulima wa viungo tukumbuke jambo moja zaidi. Chapa ya joto haipendi jua wala mafuta. Lebo yake ikikaa dirishani hufifia, na ikiguswa na mafuta ya karafuu maandishi huharibika. Kwa chupa za mafuta tumieni mashine yenye utepe wa wino.

KADI ZA WANACHAMA

Kadi ya kawaida ya mkononi ina milimita 85.6 kwa 54. Maneno yakae ndani, milimita 3 kutoka ukingoni, yasije yakakatwa. Picha iliyotumwa kwa simu kama picha hupunguzwa njiani na kutoka na ukungu. Itumeni kama faili.

Lakini makosa mabaya ya kadi si ya mashine, ni ya orodha. Mwanachama nambari 0047 hutoka 47, kwa kuwa kompyuta imedhani ni hesabu ikaziondoa sifuri. Iambieni kwamba safu hiyo ni maandishi, si hesabu, kabla ya kuandika nambari. Na jina refu hukatika mwisho kwa sababu kisanduku ni kidogo. Mwenye jina la baba na la babu hapendi kupokea kadi iliyomkata babu yake, naye ana haki. Tafuta jina refu kuliko yote katika orodha, ulijaribu hilo kwanza. Likienea, mengine yote yataenea.

Mwisho, ukiupeleka mchoro wako katika kompyuta nyingine, herufi zaweza kubadilika na maneno yakahama. Uhifadhi kwanza kuwa faili ya PDF yenye herufi zake ndani, na hiyo ndiyo uipige chapa, kwa 100%.

Mzigo wa wale akina mama ulikwenda kwa meli ya wiki iliyofuata. Mwenye duka aliupokea, lakini aliuliza kwa nini umechelewa, na mimi ndiye niliyeandika barua ya kutaka radhi. Rula ninayo katika meza hata leo, na kando yake nimeiweka moja katika zile karatasi 14. Mwanachama mwenye lebo inayomsumbua naaje nayo ofisini, mbovu hivyo hivyo, asiitupe. Maana karatasi mbovu ndiyo isemayo kosa liko wapi.

Wasalaam,
Karani wenu