"Kurudia" mbele ya sheria

Mtu akibaka watoto mara tatu, sisi tunasema amerudia. Mwanasheria hutumia neno la Kifaransa, "récidive", kwa maana finyu zaidi: lazima hukumu ya mwisho iwe imetangulia kosa jipya. Makosa matatu ambayo hayajahukumiwa huitwa "concours", yaani makosa yaliyokusanyika.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kumaliza mambo nyumbani kwa pesa. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu ubakaji wa mtoto, yaani yeyote asiyetimiza miaka 18, kwa kifungo cha miaka 7 hadi 20. Lakini bila mashtaka hakuna hukumu, na bila hukumu mtu huyo kwa hakimu ni mkosaji wa mara ya kwanza.

Basi tukitafsiri "récidive", "kurudia" pekee hakutoshi. Napendekeza "kurudia baada ya hukumu".