Kupe: Mtoto afunzwe kujikagua angali mdogo

KIKULACHO ki nguoni mwako, walinena wahenga. Kwa mtoto anayechunga ng'ombe au kucheza na mbwa, methali hii ina maana yake halisi, kwani kupe humpanda na kumnyonya damu bila yeye kuhisi.

Wazazi wengi humchukulia kupe kuwa adui wa mifugo pekee. Ni kweli kwamba ndigana kali, inayowaangamiza ng'ombe, haimwambukizi binadamu. Hata hivyo, kupe hueneza pia homa inayowapata watu, ambayo dalili zake ni joto jingi mwilini, maumivu ya kichwa, vipele na, mara nyingi, kigaga cheusi mahali alipouma.

Hatari ni kuwa homa hiyo hudhaniwa kwa urahisi kuwa malaria, ilhali dawa za malaria haziiponyi. Mtoto anayeweza kumweleza daktari kwamba aliumwa na kupe huwa amerahisisha matibabu yake mwenyewe.

Somo la kwanza ni kumtambua kupe. Mwalimu anaweza kuwaagiza wanafunzi wamchore na kuhesabu miguu yake. Aliyeanguliwa juzi ana miguu sita na ni mdogo kama chembe ya mchanga. Aliyekomaa ana minane, kama buibui, na akishiba damu hufura kama punje ya mahindi. Kupe haruki wala hana mabawa. Hukwea kwenye ncha ya jani, akanyoosha miguu ya mbele na kumsubiri apitaye. Ndiyo sababu mtoto ahimizwe kupita katikati ya njia na kuvaa suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi anapoingia nyasini.

Somo la pili ni kujikagua kila jioni wakati wa kuoga: nyweleni, nyuma ya masikio, kwapani, kitovuni, kinenani na nyuma ya magoti. Mzazi amsaidie aliye mdogo, na nguo za malishoni zikaguliwe pia.

Somo la tatu ni kumwita mtu mzima anapomwona kupe. Wachungaji wengi wamezoea kumbandua kwa vidole na kumpasua kwa kucha. Mazoea hayo ni ya hatari, kwani majimaji ya kupe huweza kubeba viini. Homa ya Crimea-Congo, ambayo huweza kumfanya mgonjwa atokwe na damu, huambukizwa hata kwa njia hiyo, na mwaka wa 2000 iliripotiwa kwa binadamu humu nchini.

Kupe ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole na moja kwa moja bila kusokotwa. Asichomwe kwa moto wala kumwagiwa mafuta ya taa. Kisha jeraha na mikono vioshwe kwa sabuni. Mtoto akipatwa na homa katika majuma machache yanayofuata, apelekwe hospitalini bila kukawia, na daktari aarifiwe kuhusu kupe huyo.

Mifugo na mbwa nao waogeshwe dawa ya kuua kupe kwa wakati. Lakini dawa hiyo ni sumu: kamwe mtoto asipakwe wala asiachiwe kuichanganya.