Meli ikiokolewa, mwenye kontena naye hulipa

BUJUMBURA. Mfanyabiashara wa Buyenzi anayesubiri mzigo wake kutoka Guangzhou au Dubai huhofia mambo matatu: ushuru, bei ya dola na foleni ya bandari ya Dar es Salaam. Liko la nne ambalo wachache hulifikiria mpaka barua iwafikie: meli imepata ajali, mali yako ni salama, lakini huichukui mpaka uchangie gharama za kuiokoa meli.

Anayeipata barua hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni utapeli. Si utapeli, ni sheria ya bahari.

Soko kuu la Bujumbura lilipoteketea Januari 27, 2013, aliyewahi kuokoa marobota yake hakudaiwa kitu na jirani aliyeunguliwa. Baharini hesabu ni nyingine. Meli na shehena yote huhesabiwa kuwa ni wenzi wa safari moja. Nahodha akitosa sehemu ya mzigo ili meli isizame, au akikodi tagi za kuinasua kwenye mchanga, gharama hiyo ni ya wote walionusurika. Hii huitwa hasara ya pamoja, na hugawanywa kwa Kanuni za York-Antwerp, ambazo toleo lake la karibuni ni la mwaka 2016.

Ujira wa waokoaji

Waokoaji wa meli wana haki yao pia. Mkataba wa Kimataifa wa Uokoaji wa mwaka 1989, ulioanza kutumika Julai 1996, unasema asiyefanikiwa kuokoa hapati ujira. Akifanikiwa, ujira wake hupimwa kwa thamani ya kilichookolewa, ukubwa wa hatari na ustadi wake, na hauwezi kuzidi thamani hiyo. Binadamu aliyeokolewa hadaiwi kitu. Mali ndiyo inayodaiwa.

Mkataba huo pia unampa nahodha mamlaka ya kusaini na waokoaji kwa niaba ya wenye shehena. Wewe uko dukani Bujumbura, yeye anakufungia deni katikati ya bahari.

Machi 23, 2021, meli ya Ever Given, ikiwa na makontena zaidi ya 18,000, ilikwama katika Mfereji wa Suez. Ilinasuliwa siku sita baadaye, na mwenye meli akatangaza hasara ya pamoja. Misri ilidai dola milioni 916, kisha ikashuka hadi milioni 550, na meli ikazuiliwa mpaka Julai 7. Makontena yalikuwa mazima, lakini wenyewe walisubiri zaidi ya miezi mitatu.

Tupige mfano. Meli ina thamani ya dola milioni 40, shehena yote milioni 60, na gharama za uokoaji ni milioni 5. Kila mmoja anachangia asilimia 5. Mwenye bidhaa za dola 30,000 atalipa dola 1,500.

Thamani ya meli kama ngao

Je, mwenye meli akiwa na kosa? Hapo sheria humpa kinga: anaweza kuiomba mahakama iweke ukomo wa deni lake. Nchi nyingi hupima ukomo huo kwa ukubwa wa meli. Marekani hutazama thamani ya meli baada ya ajali.

Meli ya Dali ilipoligonga daraja la Baltimore Machi 26, 2024 na watu sita wakafa, wenye meli walipiga hesabu hivi: thamani dola milioni 90, toa milioni 28 za matengenezo na milioni 19.5 za uokoaji, ongeza nauli ya milioni 1.17. Wakaomba deni lao lisizidi takriban milioni 43.7. Wenye makontena nao waliambiwa wachangie hasara ya pamoja.

Sisi wa Ziwa Tanganyika tunajua kwamba chuma kilichozama bado ni mali. Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 ikabeba watu na mizigo kwa jina la Liemba. Lakini mkataba wa 1989 unaruhusu nchi kuziacha nje meli za maziwa na mito. Kwa hiyo anayepakia boti Kigoma au Uvira aulize kabla ya kulipa nauli: chombo kikizama, nani atalipa nini?

La kufanya

Kata bima ya shehena. Bima za kawaida za mizigo ya baharini, hata zile za ngazi ya chini, hubeba hasara ya pamoja na ujira wa uokoaji. Kampuni ya bima ndiyo itakayotoa dhamana ili kontena litoke. Asiye na bima huweka fedha taslimu.

Ukinunua kwa bei ya FOB, bima ni juu yako. Kwa CIF, muuzaji ndiye hukata, nawe dai cheti chake.

Wanaochanga kontena moja watu kumi wawe macho zaidi. Kontena linaweza kuzuiliwa mpaka wote kumi waweke dhamana, hivyo mmoja asiye na bima huwakwamisha tisa. Mwulize wakala wako kabla ya kufunga mlango wa kontena. Na tunza ankara halisi, kwa kuwa thamani iliyoandikwa humo ndiyo itakayopimiwa mchango wako.