Mwenye Nguvu na Mwenye Pumzi

Kijana akirudi kijijini kutoka Dar es Salaam siku hizi, huja na habari nyingi, na mojawapo ni habari za wapiganaji. Huko katika mitaa ya jiji, Tandale na Mwananyamala upande wa Kinondoni, Keko na Mbagala upande wa Temeke, ngumi zina wapenzi wengi. Tena vijana hutazama katika simu na televisheni mchezo mwingine wa kigeni, ambamo ngumi, mateke na mieleka huchanganywa pamoja. Jina wanalolitaja kwa fahari ni la Mwafrika mwenzetu, Francis Ngannou wa Kameruni. Wengi husema nguvu zake tu ndizo zilizompa ubingwa. Je, ni kweli? Tuyatazame mapambano yake mawili na Stipe Miocic wa Marekani, ndipo tuamue.

Kwanza yafaa tuujue mchezo wenyewe. Huchezwa ndani ya kizimba cha pande nane kilichozungushiwa wavu. Pambano la ubingwa lina raundi tano za dakika tano tano, na mapumziko ya dakika moja. Mtu aweza kumpiga mwenziwe, kumwangusha, na kuendelea kumpiga akiwa chini. Pambano huisha mmoja akizimia, akisalimu amri, au refa akilisimamisha. Pasipo hayo, waamuzi watatu huhesabu pointi.

Ngannou alizaliwa mwaka 1986 katika kijiji cha Batié. Alipokuwa mtoto alifanya kazi ya kuchimba mchanga, kwa kuwa kwao kulikuwa na umaskini. Mwaka 2012 aliondoka kwao, akavuka jangwa, akafika Hispania, kisha Paris, ambako alilala nje bila makao. Huko ndiko alikojifunza mchezo huu. Miocic ni mtu wa namna nyingine. Alikuwa mzima moto, na alipokuwa chuoni alicheza mieleka. Hakuwa na ngumi nzito kama ya Ngannou, lakini alikuwa na pumzi na hesabu.

Walikutana mara ya kwanza Boston, tarehe 20 Januari 2018. Miocic ndiye aliyekuwa bingwa. Ngannou alikuwa na kilo 119, Miocic karibu 112. Katika raundi ya kwanza Ngannou alitupa ngumi kwa nguvu zake zote, kama mtu anayetaka kuangusha mbuyu kwa shoka moja. Miocic hakushindana naye kwa nguvu. Aliinamisha kichwa, akarudi nyuma, ngumi ikapita hewani. Kisha akapenya chini yake, akamkamata miguu na kumbwaga. Akamlalia kwa uzito wake wote, akamgandamiza kwenye wavu. Ngumi inayokosa huchosha kuliko ile inayopata, na kumwinua mtu aliyekulalia ni kazi ya mpagazi. Raundi ya pili ilipokuja, Ngannou alikuwa akihema. Mwishowe waamuzi wote watatu walimpa Miocic pointi 50 kwa 44.

Hapo wengine wangekata tamaa, na kweli pambano lake lililofuata, Julai 2018, alilicheza kwa woga akashindwa tena. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alirudi mazoezini kujifunza mieleka, yaani kazi ile ile iliyomwangusha.

Matunda yake yalionekana Las Vegas, tarehe 27 Machi 2021. Safari hii Ngannou hakukimbilia. Alipiga teke la mguu, akapima kwa mkono wa kushoto, akangoja. Miocic alipoinama kumkamata miguu kama zamani, Ngannou alikuwa tayari: alirudisha miguu nyuma, akamzuia, akazunguka mgongoni kwake na kumpiga. Raundi ya pili haijafika dakika moja, Miocic aliyumba kwa ngumi, akajaribu kurudisha, akaja mbele bila kinga. Ngumi ya kushoto ikamlaza. Ngannou akawa bingwa.

Tena Januari 2022, akitetea mkanda wake dhidi ya Ciryl Gane wa Ufaransa, Ngannou alikuwa na goti bovu na alikuwa akielekea kushindwa. Basi akaacha kutegemea ngumi, akamwangusha Gane mara kadhaa, akashinda kwa pointi. Mchimba mchanga ameshinda kwa mieleka! Nani angelitabiri hayo mwaka 2018?

Basi jibu ni hili: nguvu zilimfikisha Ngannou mlangoni, lakini elimu ndiyo iliyomfungulia. Tangu mwanzo nguvu alikuwa nazo, na kwa nguvu hizo hizo alishindwa.

Wazazi, mtoto wenu akitaka kujifunza ngumi huko mjini, muulizeni maswali matatu. Mwalimu wake ni nani? Wanafanya mazoezi wakiwa na kinga za kichwa na za meno? Akipigwa akazimia, anapelekwa kwa daktari na kupumzishwa, au anarudishwa ulingoni? Pigo la kichwa laweza kuharibu ubongo, na madhara yake mengine huonekana baada ya miaka. Na kijana anayepigana uchochoroni ili aonyeshe ubavu wake, mwambieni kwamba Ngannou mwenyewe alipigwa na mtu mwepesi kuliko yeye, mpaka alipokubali kukaa chini na kufundishwa.