Fahamu: Kwa nini wavuvi wa Songosongo huupumzisha mwamba wa pweza

Maji yakipwa nyakati za bamvua, wanawake na wanaume wa kisiwa cha Songosongo, wilayani Kilwa, hushuka mwambani kutafuta pweza. Lakini kuna miezi ambayo sehemu ya mwamba huo haiguswi.

Utaratibu ukoje?
Wanakijiji huchagua eneo, huliwekea alama na kulifunga, kwa kawaida miezi mitatu. Kwingine hubaki wazi, riziki isikatike. Vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa fukwe (BMU) ndivyo walinzi.

Kwa nini pweza?
Hukua upesi, na huishi takriban mwaka mmoja au zaidi kidogo. Jike hutaga mara moja tu, hulinda mayai yake, kisha hufa. Akivuliwa kabla ya hapo, kizazi chote kimepotea. Akiachwa, uzito wake huongezeka mara kadhaa. Mbinu hii ilipata umaarufu kutoka kijiji cha Andavadoaka, Madagaska, ilikojaribiwa mwaka 2004.

Inahusianaje na tabianchi?
Joto la bahari likizidi hupausha matumbawe ya mwamba, na dhoruba nazo huipiga pwani. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilileta mafuriko Kilwa na kukata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam. Mwamba usiokanyagwa wala kuchokolewa kwa vyuma hupata nafasi ya kupona, na mwamba ulio hai hupunguza nguvu ya mawimbi.

Kikwazo ni nini?
Ulinzi. Anayeiba usiku mmoja hula subira ya kijiji kizima. Walinzi wa BMU wanahitaji boti, mafuta na sheria inayosimama nao.