Mtoto akinyamaza kwenye simu, tusimwite mvivu



Muhula uliopita, wakati watoto hawakuweza kufika shuleni kwa sababu ya usalama, nilikuwa natuma masomo ya darasa la tano kwa simu. Asubuhi naweka maswali katika grupu la WhatsApp la wazazi, jioni watoto wanajibu. Msichana mmoja, ambaye familia yake ilikimbia vita upande wa Rutshuru, hakujibu kwa muda wa wiki tatu. Katika daftari langu niliandika: mvivu.

Siku moja mama yake akaja kwangu. Alinieleza bila hasira. Simu si yake, ni ya mama aliyewapokea, na mtoto anaishika usiku tu, kazi za nyumba zikiisha. Maswali yangu yalikuwa ya Kifaransa, na nilipoeleza kwa sauti nilichanganya Kinande bila kujua. Tena, siku moja mtoto alijaribu kutuma jibu kwa sauti, wenzake wakamcheka kwa namna anavyotamka. Tangu hapo anaandika majibu kwenye karatasi lakini hatumi. Mama alinionyesha karatasi hizo. Majibu mengi yalikuwa sawa.

Nilifuta lile neno katika daftari. Lakini kicheko cha wale watoto kiliniogopesha zaidi. Wakati huu wa vita, anayecheka matamshi ya mwenzake leo anaweza kumwita adui kesho.

Hapa Kipese tumezoea kufikiri kwamba kila mtoto anasikia kama sisi. Sivyo tena. Kuna waliotoka Beni na Irumu, kuna wa Masisi na Rutshuru. Nyumbani kwao wanasema Kinande, Kilese, Kihunde, Kinyabwisha. Kiswahili kinatuunganisha, lakini hata hicho kila mmoja anakisema namna yake.

Jambo hili tulishaliona. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020, watu wengi wa Beni na Butembo hawakuelewa vizuri matangazo ya Kifaransa, wala ya Kiswahili cha vitabuni. Walitaka kuelezwa kwa lugha yao ya kila siku. Halafu corona ikafunga shule zote za nchi tangu tarehe 19 Machi 2020, na masomo yakapita katika redio, kama kipindi cha Okapi École cha Radio Okapi, na katika simu. Hata sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali kufundisha kwa lugha za taifa na lugha za mahali. Basi kumweleza mtoto kwa lugha anayoisikia si kumrudisha nyuma. Ni kumjengea ngazi ya kufika kwenye Kifaransa.

Haya ndiyo niliyobadilisha, na yamesaidia:

1. Kila somo naanza kwa Kiswahili chepesi, kisha narudia maneno makubwa kwa Kifaransa, polepole. Kinande natumia nikijua kwamba wote wanakisikia.

2. Natuma sauti, situmi video. Sauti ya dakika moja haili hata robo ya mega, lakini video inaweza kula mega kadhaa. Asiye na unite anapitishiwa sauti ile kutoka simu ya jirani bila intaneti.

3. Hesabu inatoka nyumbani kwa mtoto. Wa kwetu anahesabu viazi na kabeji, wa Beni anahesabu kilo za kakao, wa Rutshuru maharagi, wa Masisi jibini. Kugawanya ni kulekule, lakini mtoto anaona kwamba maisha ya kwao yana nafasi katika somo.

4. Majibu yanakuja kwangu peke yangu, si mbele ya grupu lote. Asiye na simu analeta karatasi.

5. Kila wiki mtoto mmoja anatufundisha salamu ya lugha ya nyumbani kwao, na wengine wanaijibu. Anayecheka anapewa kazi ya kuirudia mpaka aitamke vizuri.

Mwalimu peke yake hawezi. Ninyi wamama mnajua nani anakaa nyumbani kwa nani, na nani ana simu. Katika kikundi chenu cha likelemba au cha akiba, jadilini mambo matatu. Simu moja inaweza kusikilizwa na watoto wa nyumba tatu, saa moja kabla ya giza? Mwenye sola anaweza kuwachajia wengine siku za masomo? Na mtoto mgeni, hasa msichana, anaachiliwa kazi za nyumba kwa saa hiyo moja kama watoto wa mwenye nyumba?

Tena, tusikie maneno yanayosemwa jikoni kwetu juu ya wageni. Watoto wanayabeba mpaka kwenye simu.

Yule msichana bado hatumi sauti katika grupu. Ananitumia mimi, usiku, kwa sauti ndogo, na nyuma nasikia mama aliyewapokea akimwambia asome tena mstari wa mwisho. Kwa sasa inatosha. Mama huyo hajasoma sana, lakini somo langu linafika kwa sababu yake.