Tenisi: Breki za Mkono Hujengwa Nje ya Uwanja

Tangu tuanze kucheza tenisi Jumamosi hapa Chatsworth, kila wiki kuna mtu anakuja amefunga bandeji kiwikoni. Mimi mwenyewe mwaka jana nilikaa miezi miwili siwezi hata kumimina chai, sembuse kuchapa tasnifu. Nasomea uhandisi, si udaktari, kwa hiyo nitaeleza kifundi.

Mkono haupigi mpira tu, unafunga breki pia. Kwenye bekhendi, misuli ya upande wa juu wa kigasha ndiyo inayozuia kifundo kisipinde kwa kishindo. Misuli hiyo imejishikiza kwa kano upande wa nje wa kiwiko. Ikiwa dhaifu, kano ndiyo inayobeba mzigo. Halafu nguvu ya pigo inatakiwa itoke miguuni, ipitie nyonga na kiuno. Sasa sisi tunaokaa kwenye kompyuta kutwa, nyonga zimekakamaa, basi bega na kiwiko vinalipa deni.

Mazoezi hayazuii kila kitu, tusidanganyane. Kevin Anderson wa Afrika Kusini alicheza nusu fainali ya Wimbledon ya 2018 kwa saa 6 na dakika 36, na 2019 kiwiko na goti vikamsumbua. Lakini yeye ndiyo ilikuwa kazi yake. Sisi tunaumia kwa seti mbili!

Dawa ni kushusha polepole. Laza kigasha mezani, kiganja kikitazama chini, shika chupa ya maji ya nusu lita. Inua kwa msaada wa mkono wa pili, kisha shusha kwa mkono mmoja ukihesabu hadi nne. Mara 15, raundi tatu, kila siku. Usitegemee nafuu kabla ya wiki sita hivi. Kwa bega, funga tyubu ya baiskeli kwenye kitasa, bana kiwiko ubavuni, vuta kwenda nje, rudisha taratibu. Miguu na nyonga: piga hatua ndefu ukishusha goti, milima ya huku itakusaidia.

Kujinyoosha kwa kutulia weka baada ya mchezo. Kabla yake kimbia kidogo, zungusha mabega.

Maumivu yakizidi asubuhi yake, punguza uzito. Mkono ukifa ganzi au kiungo kikivimba, acha, muone daktari. Tyubu kuukuu msinunue, jamani. Yangu nilipewa bure na fundi baiskeli.